Kuchangisha fedha za utafiti kwa blokcheni na kuweka data wazi: mwongozo kamili wa hatua 9

Miradi mingi ya namna hii inakwama kwenye makosa yale yale. Timu inachangisha fedha kwanza, mpango wa utafiti unaandikwa baadaye. Pochi ya sarafu za kidijitali inakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Mchangiaji anatuma sarafu kwenye mtandao wa blokcheni usio wa pochi hiyo. Mwishowe data inawekwa kwenye kiungo ambacho baada ya miezi sita hakifunguki.

Kabla ya kugusa chochote, shika hili: blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, inakufanyia kazi mbili tu. Inathibitisha kwamba faili fulani lilikuwepo kabla ya saa fulani, na inaonyesha fedha zimetoka anwani ipi kwenda anwani ipi. Haijui kama kipimo cha maabara kilifanywa sawasawa, wala kama risiti ni ya kweli. Hayo ni juu yako kuyaunganisha, na ndiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Mfano tutakaoenda nao ni utafiti mdogo wa sumukuvu kwenye mahindi yanayouzwa sokoni, wenye bajeti ya dola 3,000. Badilisha utafiti upendavyo, ila usibadilishe mpangilio wa hatua.

## Mahitaji

- Kibali cha utafiti na cha maadili, kikiwa mkononi.
- Mpango wa utafiti wa kurasa 3 hadi 6: swali, sampuli, namna ya kupima, namna ya kuchambua.
- Kompyuta. Simu haitoshi kwa hatua ya 2, 3 na 8.
- Watu 3 wa kushika funguo, kila mmoja na kifaa chake. Angalau mmoja asiwe wa timu yenu.
- Madaftari 3 na kalamu za wino kwa ajili ya maneno ya siri.
- Dola 10 hadi 20 za majaribio na ada.
- Akaunti ya ORCID (namba ya utambulisho ya mtafiti) na ya Zenodo (hifadhi ya data za utafiti mtandaoni). Zote ni bure.
- Akaunti kwa mtoa huduma anayeruhusiwa kisheria kubadilisha sarafu za kidijitali kuwa shilingi, ikiwa kwa jina la taasisi au kikundi.
- Wiki mbili za maandalizi kabla ya kutangaza mchango.

## Hatua ya 1: Vibali na sheria ya fedha

Tanzania unapita COSTECH, na kama ni utafiti wa afya, NIMR. Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Blokcheni haipunguzi hata saini moja hapo.

Upande wa fedha, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo mwaka 2019 kwamba sarafu za kidijitali hazitambuliki kama fedha halali nchini, na sheria ya fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kenya ilitunga sheria ya watoa huduma wa mali hizo mwaka 2025. Sheria hizi zinabadilika mara kwa mara, kwa hiyo mwone mhasibu kabla ya kuchangisha. Na usipange kumlipa muuza mahindi kwa sarafu ya kidijitali: vya hapa nyumbani vinalipwa kwa shilingi.

Umefanikiwa ikiwa: una namba ya kibali, na mhasibu ameandika kwa maneno yake fedha zitaingiaje kwenye vitabu vya taasisi.

## Hatua ya 2: Funga mpango na uchukue heshi yake

Heshi ni alama ya vidole ya faili. Kanuni iitwayo SHA-256 inasoma faili zima na kutoa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata nukta moja, alama yote inabadilika.

Anza na jaribio hili kwenye terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandikia amri:

`printf hello | sha256sum`

Utapata mfuatano unaoanza na 2cf24dba. Sasa andika:

`echo hello | sha256sum`

Safari hii unaanza na 5891b5b5. Neno ni lile lile, jicho halioni tofauti. Kilichobadilika ni kwamba amri ya pili imeongeza alama ya kuruka mstari mwishoni. Ukilielewa hili, umeelewa kwa nini watu wengi hupata heshi zisizolingana na kudhani wameibiwa au mfumo umeharibika.

Sasa fanya kwa faili lenu:

1. Hamisha mpango uwe PDF mara moja tu. Ukihamisha tena hati ile ile, PDF mpya inaweza kubeba saa tofauti ndani yake, na heshi haitalingana.
2. Lipe jina lisilo na nafasi: `mpango_sumukuvu_v1.pdf`.
3. Pata heshi. Linux: `sha256sum mpango_sumukuvu_v1.pdf`. Mac: `shasum -a 256` kisha jina la faili. Windows: `certutil -hashfile mpango_sumukuvu_v1.pdf SHA256`.
4. Weka faili mahali pa kusoma tu, na nakala kwenye flashi mbili.

Mpango wenyewe uwe na makali. Usiandike "tutapima sumukuvu kwenye mahindi". Andika masoko mangapi, magunia mangapi kila soko, bambo itachomwa sehemu ngapi za gunia, na kilo ngapi zitachanganywa na kusagwa kabla ya kupima. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia: punje chache zinaweza kubeba karibu yote, kwa hiyo kiganja kimoja cha juu juu hakikuambii kitu. Andika pia kikomo mtakacholinganisha nacho. Viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na 5 kwa aina ya B1.

Umefanikiwa ikiwa: watu wawili kwenye kompyuta mbili wanapata herufi 64 zile zile.

## Hatua ya 3: Piga muhuri wa wakati

Tumia OpenTimestamps. Ni bure, na faili lenu haliondoki kwenye kompyuta, kinachotoka ni heshi peke yake. Heshi za watu wengi hukusanywa pamoja, na alama moja tu ya mkusanyiko ndiyo inayoandikwa kwenye blokcheni ya Bitcoin. Ndiyo maana hulipi ada.

Njia rahisi ni kuburuta PDF kwenye tovuti ya opentimestamps.org na kupakua faili dogo lenye kiambishi `.ots`. Anayezoea terminali:

1. `pip install opentimestamps-client`
2. `ots stamp mpango_sumukuvu_v1.pdf`
3. Subiri saa kadhaa, kesho yake ni salama zaidi, kisha: `ots upgrade mpango_sumukuvu_v1.pdf.ots`

Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Faili la `.ots` la dakika ya kwanza ni kama stakabadhi ya kaunta: linasema heshi imepokelewa, ila bado halina ushahidi kamili wa kutoka Bitcoin. Ukilihifadhi hivyo, utakuwa unategemea seva za watu wengine ziwe hai miaka kumi ijayo.

Kuhakiki kwa amri ya `ots verify` kunataka uwe na nodi ya Bitcoin, yaani programu inayopakua na kuhakiki blokcheni yenyewe, kwenye kompyuta yako. Kama huna, hakiki kwenye tovuti: weka `.ots`, kisha weka PDF.

Onyo kubwa. Muhuri peke yake hauzuii udanganyifu. Mtu anaweza kupiga mihuri mipango kumi inayopingana, asubiri matokeo, kisha atoe hadharani ule uliolingana nayo. Dawa yake ni kutangaza siku hiyo hiyo. Sajili mpango kwenye OSF, tovuti ya kusajili tafiti, au uweke Zenodo, pamoja na heshi na faili la `.ots`. Muhuri ukitangazwa unakufunga kweli. Ukifichwa, haumfungi mtu.

Umefanikiwa ikiwa: uhakiki unataja namba ya bloku ya Bitcoin na tarehe. Faili la mfano la OpenTimestamps, hello-world.txt, linaonyesha bloku 358391 ya Mei 28, 2015. Lenu lionekane namna hiyo.

## Hatua ya 4: Fungua pochi ya sahihi nyingi

Fedha za utafiti zisikae kwenye pochi ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mtu huugua, hupoteza simu, hufariki. Tumia Safe, pochi inayodai sahihi kadhaa kabla ya fedha kutoka. Kwa timu ndogo, weka 2 kati ya 3. Sahihi 3 kati ya 3 inaonekana salama zaidi, lakini mmoja akipoteza ufunguo fedha zimekwama milele.

1. Kila mshika ufunguo afungue pochi yake binafsi na aandike kwenye daftari maneno 12 au 24 ya siri ambayo pochi humpa kwa ajili ya kuirejesha. Picha, WhatsApp na barua pepe ni marufuku. Anayekuomba maneno hayo, hata akijitambulisha kuwa huduma kwa wateja, ni mwizi.
2. Kila mmoja afute pochi kwenye kifaa na kuirejesha kwa maneno aliyoandika, kabla haijaingia hata senti. Herufi mbaya ya mkono ni bora igundulike leo.
3. Chagueni mtandao mmoja wa blokcheni, kwa mfano Base, Arbitrum au Optimism. Mitandao hii imejengwa juu ya blokcheni ya Ethereum, na tangu maboresho ya Machi 2024 ada zake zimeshuka sana.
4. Fungueni Safe kwenye mtandao huo, wekeni anwani tatu, na kiwango cha 2.
5. Mtu wa kutekeleza malipo awe na ETH kidogo, sarafu ya Ethereum inayolipia ada, kwenye mtandao huo huo.

Kipengele cha 5 hukwamisha watu kila mara. Dola 1,200 zipo, sahihi mbili zipo, lakini malipo hayaendi kwa sababu hakuna ETH ya ada. ETH iliyo kwenye Ethereum kuu haisaidii ukiwa Base.

Onyo. Anwani za mitandao hii zote zinafanana: huanza na 0x na kufuatiwa na herufi 40. Mchangiaji anaweza kutuma kwenye anwani yenu akiwa kwenye mtandao ambao Safe yenu haijafunguliwa. Pochi ya kawaida ingezipata fedha hizo. Safe ni mkataba wa programu, na kama haupo kwenye mtandao ule hakuna wa kufungua mlango. Kuzikomboa wakati mwingine kunawezekana, kwa kazi ngumu ya kiufundi. Kwa hiyo jina la mtandao liandikwe kwa herufi kubwa kila anwani inapotajwa.

## Hatua ya 5: Jaribio la dola 1, kwenda na kurudi

Pokeeni michango kwa USDC, sarafu iliyofungwa kwenye thamani ya dola. ETH na Bitcoin zinapanda na kushuka, na bajeti ya vipimo vya maabara haiwezi kuyumba nazo. Jueni hata hivyo kwamba kampuni ya Circle inayoitoa USDC ina uwezo wa kufungia anwani. Hii si fedha isiyo na mwenyewe.

Tumeni USDC 1 kuingia Safe. Itoeni kwa sahihi 2. Ipelekeni kwa mtoa huduma wenu, ibadilisheni, shilingi ziingie kwenye akaunti ya taasisi. Kama kuna kiwango cha chini cha kubadilisha, tumieni kiasi hicho. Andikeni kila ada iliyokatwa na muda uliotumika.

Angalieni mambo matatu:

- Aina ya USDC. Kwenye baadhi ya mitandao kuna USDC halisi na nyingine iliyovushwa kutoka mtandao mwingine, iitwayo USDC.e. Mtoa huduma anaweza kupokea moja tu. Linganisheni anwani ya mkataba na ile iliyo kwenye tovuti ya Circle.
- Desimali. USDC ina desimali 6, ETH ina 18. Kwenye kumbukumbu ghafi, USDC 1,200 husomeka 1200000000. Si kosa, wala hamjatajirika.
- Anwani za kughushi. Matapeli hutuma miamala ya sifuri kutoka anwani inayofanana na yenu mwanzo na mwisho, ili siku moja uinakili kwenye historia. Usinakili anwani kutoka historia kamwe. Tumieni kitabu cha anwani ndani ya Safe, na msome herufi za katikati pia.

Umefanikiwa ikiwa: shilingi zipo benki, na mnaweza kumwonyesha mtu njia nzima.

## Hatua ya 6: Tangaza bajeti na masharti, si tokeni

Msitoe tokeni yenu, yaani sarafu ya kidijitali ya mradi wenyewe. Ushauri huu unawachukiza wengi, lakini mradi wa dola 3,000 hauihitaji. VitaDAO, jumuiya ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2021 kufadhili utafiti wa kuzeeka na iliyofadhili maabara ya Chuo Kikuu cha Copenhagen kupitia tokeni ya hakimiliki, ilikuwa na mikataba ya kisheria nyuma ya tokeni hiyo. Tokeni isiyo na mkataba ni ahadi ya faida kwa watu usioweza kuwalipa, na sheria za uwekezaji zinaweza kukugeukia.

Tangazo liwe na anwani na mtandao, heshi ya mpango, kiungo cha usajili, majina ya washika funguo waliokubali kutajwa, na bajeti kwa awamu:

- Awamu ya 1, asilimia 40 (dola 1,200): sampuli na usafiri, baada ya mpango kutangazwa.
- Awamu ya 2, asilimia 40 (dola 1,200): vipimo vya maabara, baada ya orodha ya sampuli kuwekwa hadharani.
- Awamu ya 3, asilimia 20 (dola 600): uchambuzi na uchapishaji, baada ya data ghafi kuwekwa na mgeni kuhakiki (hatua ya 9).

Andikeni pia sharti ambalo wengi hulikwepa: mchango usipofika dola 1,200 ifikapo tarehe fulani, fedha zinarudi au zinakwenda kwa kazi fulani iliyotajwa.

Mkipata nafasi kwenye mzunguko wa ufadhili wa kipeo, aina iliyosambazwa na jukwaa la Gitcoin, fahamuni hesabu yake. Mfumo huchukua kipeuo cha pili cha kila mchango, hujumlisha, kisha hupiga mraba. Mtu mmoja akitoa dola 100 mnapata uzito wa 100. Watu 100 wakitoa dola 1 kila mmoja uzito ni 10,000. Kwa hiyo tafuteni watu wengi wa kutoa kidogo, na msimgawie mtu fedha ili achangie kwa majina mengi. Mifumo hiyo huwatafuta wanaofanya hivyo na kuwaondoa.

## Hatua ya 7: Lipa, na funga kila malipo kwenye risiti

Mtu anayeangalia blokcheni ataona dola 1,200 zimetoka. Hataona zimenunua nini. Tengenezeni faili la `daftari.csv` (CSV ni jedwali la maandishi matupu) lenye safu sita: tarehe, kiasi, sarafu, namba ya muamala, kazi, heshi ya risiti.

Kwa kila malipo, piga skani risiti, ficha namba za simu na majina ya watu binafsi, chukua heshi ya nakala hiyo iliyofichwa, kisha iandike kwenye daftari. Namba ya muamala huanza na 0x na kufuatiwa na herufi 64. Iliyopungua herufi imekatika wakati wa kunakili.

Fanyeni ndani ya saa 48. Daftari linalojazwa mwisho wa mwezi hujazwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hukosea.

## Hatua ya 8: Weka data wazi bila kumuumiza mtu

Hapa kosa halina marekebisho. Kilichoandikwa kwenye blokcheni hakifutiki, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya (2019) na Tanzania (2022) zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Kwa hiyo taarifa za mtu hazipandi kwenye blokcheni kabisa.

Wala usijifariji kwamba utaweka heshi ya namba ya simu. Namba zinazoanza na 07 zina tarakimu nane zinazobaki, yaani namba milioni 100 tu. Kompyuta ya kawaida inazipiga heshi zote kwa dakika chache na kukutajia namba yenyewe. Mpe kila muuzaji namba ya kubuni, MU-01, MU-02, na karatasi inayounganisha namba hizo na majina ifungiwe kabatini. Mahali nako: desimali 2 za GPS humweka mtu ndani ya takriban kilomita 1. Kijijini hata hilo linaweza kumtambulisha, hivyo taja kata tu.

Kisha:

1. Hifadhi data kama CSV ya UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi; uchague unapohifadhi). Chukua heshi baada ya kuihifadhi mara ya mwisho. Excel ikifungua na kuhifadhi tena inaweza kugeuza tarehe na alama za mistari, na heshi inavunjika.
2. Andika faili la `SOMA_KWANZA.txt`: kila safu ina maana gani, kipimo gani, chombo gani cha maabara, na thamani zilizo chini ya uwezo wa chombo zimeandikwaje.
3. Chagua leseni: CC BY 4.0 (yeyote atumie akiwataja), au CC0 (yeyote atumie bila sharti) kwa data tupu. Data isiyo na leseni inaonekana wazi lakini hakuna mwenye uhakika kama anaruhusiwa kuitumia.
4. Pakia Zenodo, hadi GB 50 kwa rekodi moja. Omba DOI, namba ya kudumu inayofungua rekodi yenu, kabla ya kuchapisha ili uiandike ndani ya faili la maelezo.
5. Piga muhuri wa OpenTimestamps kwenye heshi za data, kama hatua ya 3.

Wengine huishia kwenye IPFS, mtandao wa kompyuta za watu wanaoshirikiana kuhifadhi mafaili. Anwani ya IPFS inatokana na maudhui ya faili, jambo zuri, lakini haina ahadi ya kuhifadhi. Kama hakuna kompyuta inayolishikilia faili, litatoweka. Iwe nakala ya pili, Zenodo ikiwa ya kwanza.

Matokeo yasiyovutia yanapanda pia. Kama mahindi yote yako chini ya mikrogramu 10, hiyo ni habari wenye soko wanastahili kuijua, na ndicho mlichochangiwa kukitafuta.

## Hatua ya 9: Mpe mgeni ahakiki

Mtafute mtu asiyewajua, mwenye kompyuta ya kawaida. Mpe DOI tu. Msikae karibu naye, msimjibu swali. Ndani ya nusu saa aweze:

- kupakua mpango na kuona tarehe ya bloku iliyotangulia sampuli ya kwanza;
- kujumlisha michango iliyoingia Safe na kuilinganisha na daftari;
- kuchukua malipo mawili yoyote na kufika kwenye risiti zake, heshi zikilingana;
- kufungua CSV na kuhesabu upya wastani mlioutangaza.

Pale anapokwama andika sababu. Mara nyingi ni faili la `.ots` lisilopakiwa, jina la mtandao lililosahaulika kwenye tangazo, au risiti iliyopigwa skani upya baada ya heshi kuchukuliwa. Rekebisha, pakia toleo jipya Zenodo (toleo la zamani linabaki, na DOI ya jumla inaelekeza kwenye jipya), kisha mpe mgeni mwingine. Awamu ya mwisho, zile dola 600, isitoke Safe mpaka mgeni mmoja amemaliza yote manne bila kuuliza.